Farasi akishtuka ukiwa mgongoni: "tulia tu" maana yake nini hasa?

#1 Binti wa Usa River
Wakuu salaam. Nafanya kazi kwenye shamba moja la farasi huku Usa River. Wageni wanapanda, sisi tunawaongoza. Kuwahudumia farasi nimezoea, kupanda ndiyo bado najifunza. Kuna jike mmoja wa rangi ya kahawia: tukifika kwenye mfereji, kanga wakitimka kichakani, anaruka pembeni halafu anataka kuondoka na mimi. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lilelile: "Tulia, farasi anasikia hofu yako."

Mimi nadai hiyo ni kauli ya kumtupia mpandaji lawama. Anaogopa kanga, haniogopi mimi. Na hata kama ni kweli, moyo hauambiwi "tulia" ukatulia. Naomba mtu aniambie mikono ifanye nini, miguu ifanye nini, macho yaangalie wapi. Habari za "jiamini dada" sitaki.

#2 Mchaga Mpole
Shuka, panda bodaboda. Bodaboda haiogopi kanga.

#3 Kifaru Mjini
Inaogopa trafiki. Ikiona sare nyeupe inaruka pembeni kuliko huyo jike.

#4 Saisi wa Ngong
Dada, mimi nimelea farasi wa mbio hapa Ngong Racecourse tangu ujana wangu. Umeomba mikono na miguu, basi chukua.

Kwanza, anakwambia kabla. Masikio yote mawili yanaganda yakielekea sehemu moja, shingo inapanda, anaacha kuchezea lijamu (kile chuma cha mdomoni), na chini ya tandiko unahisi mgongo umekakamaa kama ubao. Hapo ndipo pa kufanya kazi. Akisharuka umechelewa.

Mikono: usining'inie kwenye hatamu zote mbili. Mnyama wa kilo 450 au 500 mkivutana atashinda, tena unampa kitu cha kuegemea mdomoni. Fupisha hatamu moja, tuseme ya kushoto. Telezesha mkono mpaka karibu na shingo, halafu ulete polepole kwenye nyonga yako hadi pua yake igeuke kuja kwenye goti lako. Shingo ikipinda, miguu ya nyuma inalazimika kupishana, na ikipishana nguvu ya kutimka inaisha. Akisimama, legeza hapohapo. Usipolegeza hatajua kwamba kusimama ndiko ulikotaka.

Miguu: mtu akiogopa hubana mapaja na visigino. Farasi amefundishwa kubanwa ni "nenda". Sasa juu unamwambia simama, chini unamwambia kimbia, wewe ungekuwa yeye ungefanya nini? Visigino chini, magoti yalegee, makalio yakae kwenye tandiko. Macho yaangalie unakokwenda. Kichaka achana nacho.

Pumzi: usihangaike kuivuta, itoe, tena ndefu. Ukishindwa, imba, maana huwezi kuimba huku umezuia pumzi. Mimi huimba za kanisani, farasi wote hapa wanazijua.

#5 Mama Shukuru
Nimeweka kambi hapa. Sina farasi, nina watoto.

#6 Bin Seif, Maskati
Assalaam alaykum. Saisi wa #4 nakuheshimu, ila hilo la kumpindisha shingo liweke sawa lisije likaua mtu. Akiwa anatembea au ndiyo kwanza anaanza, sawa. Akishafika kwenye shoti kamili, yaani mbio zake zote, ukamvuta ghafla upande mmoja, anajikwaa, anaanguka, na wewe uko chini yake. Kwenye shoti mpe duara kubwa, lipunguze taratibu mpaka apoe. Kama hakuna nafasi ya duara, vuta na kulegeza, vuta na kulegeza, usishikilie.

Na mimi siamini kumsimamisha mbele ya kitu anachokiogopa. Hawa farasi wa Kiarabu ukiwalazimisha kusimama wanachemka zaidi. Mpe kazi: kushoto, kulia, rudi nyuma, nenda. Kichwa chenye kazi hakina nafasi ya kanga. Huku Oman tuna ardha, maonyesho yetu ya jadi ya farasi na ngamia, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018. Wapandaji wanasimama juu ya mgongo, na farasi haohao wanaamrishwa kulala chini mbele ya umati. Hayo hayakuja kwa mpandaji kutulia. Ni mazoea tangu mnyama mdogo.

#7 Binti wa Usa River
Ahsanteni. Sasa mmoja ananiambia pindisha, mwingine ananiambia duara kubwa. Njia yetu upande mmoja mfereji, upande wa pili kahawa. Hilo duara nalipitisha wapi, sheikh?

#8 Bin Seif, Maskati
Hapo pindisha 😂 Lakini mapema, kama alivyosema saisi.

#9 Dkt wa Mifugo
Wote mnashughulika na dalili. Farasi anayeshtuka kila mahali na farasi anayeshtuka palepale kila siku ni kesi mbili tofauti.

Wa kila mahali, tafuta maumivu: tandiko lisilomkaa, meno yenye ncha, mgongo, vidonda vya tumbo. Halafu uliza anakula nini. Wengi wanajazwa mahindi na pumba, kisha wanasimama bandani kutwa. Nguvu hiyo itatoka kwa njia yoyote ile.

Wa palepale, angalia mwanga. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Lakini yanachelewa kuzoea giza kuliko yetu. Akitoka kwenye jua kali akaingia kwenye kivuli cha migomba, kwa muda haoni sawasawa, anasikia tu mchakacho. Wewe unajua ni kanga. Yeye hawezi kusubiri kujua, babu zake waliosubiri waliliwa. Hofu ya mpandaji haihusiki hapo.

#10 Kwato
Daktari umesahau kubwa kuliko yote. Ubongo wa farasi umegawanyika, alichokiona kwa jicho la kushoto, jicho la kulia halikijui. Ndiyo maana mkienda hashtuki, mkirudi anashtuka kitu kilekile.

#11 Dkt wa Mifugo
@Kwato hiyo imeenea sana lakini si kweli. Pande mbili za ubongo wake zimeunganishwa, sawa na zetu. Farasi wamefundishwa kutambua alama kwa jicho moja, lingine limezibwa, na walipobadilishiwa jicho waliitambua. Mkirudi anashtuka kwa sababu kitu kikitazamwa kutoka upande wa pili kina umbo jingine, na mwanga nao umehama.

#12 Kwato
Sawa daktari, ila mimi wangu nimemuona.

#13 Mchaga Mpole
"Mimi wangu nimemuona." Utafiti umefungwa, tawanyikeni.

#14 Msomaji wa Usiku
Narudi kwenye dai la #1, maana limeachwa njiani. Kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009. Watu walimwongoza farasi kwa kamba, au kumpanda, kutoka alama moja hadi nyingine mara kadhaa. Kabla ya mara ya mwisho wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda vilevile, na farasi hakuambiwa habari za mwavuli wowote. Binti, hofu inahama.

#15 Binti wa Usa River
Inahama kwa njia gani? Mtu anayesubiri mwavuli si lazima akaze mkono? Basi farasi hajasikia hofu, amesikia mkono. Mkono naweza kuufundisha. Moyo siwezi.

#16 Msomaji wa Usiku
Una nusu ya haki. Waliopanda walifupisha hatamu baada ya kuambiwa, hilo lilionekana. Lakini kwa walioongoza kwa kamba wakitembea chini hawakuona tofauti ya mwenendo, si kwa mtu si kwa farasi, na moyo ulipanda hivyohivyo.

#17 Kifaru Mjini
Harufu hiyo. Jasho la mtu mwenye hofu lina harufu yake, mbwa wanajua, farasi watashindwaje? Kuna Wafaransa waliwanusisha farasi jasho la watu waliokuwa wakiangalia video za kutisha na jasho la watu hao wakiangalia za kufurahisha, farasi wakatofautisha.

#18 Saisi wa Ngong
Kutofautisha ni kitu kimoja, kutimka ni kingine. Hapa vijana wananuka hofu kila Jumapili ya mbio na farasi wanakimbia vizuri tu. Mimi bado niko na mkono.

#19 Askari Mstaafu
Habari zenu. Nimetumikia Kikosi cha Mbwa na Farasi, Dar. Niongeze ya kwetu.

Farasi wa polisi hatulizwi siku ya mechi. Anatulizwa miezi kabla. Chukua mfuko wa rambo, ufunge kwenye ncha ya fimbo. Kosa la wengi ni kumsogezea mfuko usoni, "zoea, zoea". Fanya kinyume: mtu mwenye fimbo atembee mbele akienda zake, mfuko ukipepea, na farasi amfuate kwa nyuma. Kitu kinachomkimbia farasi hakimtishi. Baada ya muda unamuona anarefusha shingo, anapuliza pua, anataka kuunusa mwenyewe. Ukifika hapo umemaliza nusu ya kazi. Kisha matairi, turubai chini, ngoma, watu wakipiga makofi, kwanza mbali halafu karibu. Mgeni siku zote anatembea nyuma ya mzee aliyezoea. Mzee asipojali, kijana naye anaona aibu kushtuka.

Uwanjani kelele si tatizo, kelele ni moja tu ndefu. Tatizo ni chupa moja ya maji inayotua miguuni bila taarifa.

Ila msidanganyane kwamba mafunzo yanamaliza. Aprili 2024 pale London, farasi wa jeshi la Mfalme, waliozoea mabendi na mizinga, walikurupuka kwa mlipuko wakakimbia katikati ya mji, askari chini.

#20 Mbongo wa Leeds
Afande, haukuwa mlipuko. Ilikuwa Belgravia, mafundi wa ujenzi waliangusha vifusi kutoka juu karibu na farasi waliokuwa mazoezini. Mmoja mweupe alionekana kifua chote damu, na basi la ghorofa likagongwa. Waliojeruhiwa walitibiwa, na baadhi wakarudi kazini mwaka uleule.

#21 Askari Mstaafu
Shukrani. Vifusi basi. Hoja yangu iko palepale.

#22 Nesi Kibosho
Mmejaza ukurasa mzima, hakuna hata mmoja aliyetaja helmeti! Superman mwenyewe, Christopher Reeve, alianguka mwaka 1995 bila helmeti akapooza mwili.

#23 Mbongo wa Leeds
Nesi, Reeve alikuwa amevaa helmeti, na kizibao cha kinga pia. Farasi aligoma kuruka kizuizi, yeye akatangulia kichwa, akavunjika shingo juu kabisa. Helmeti hailindi shingo. Mfano unaoutafuta ni Courtney King-Dye, Mmarekani aliyeshiriki Olimpiki ya 2008. Machi 2010 farasi alijikwaa akiwa mazoezini, hakuwa amevaa, akaumia ubongo na kukaa wiki kadhaa bila fahamu. Tangu 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi linalazimisha helmeti hata kwenye yale mashindano ya farasi kutembea kwa madaha waliyokuwa wakivaa kofia ndefu nyeusi.

#24 Nesi Kibosho
Sawa, ahsante. Ujumbe ni uleule: vaa.

#25 Mama Shukuru
Ya bodaboda inafaa?

#26 Nesi Kibosho
Ni nzito, inakuziba masikio na macho ya pembeni, na ukianguka uzito huo unaivuta shingo. Ya farasi ni nyepesi, imetengenezwa kwa kuanguka kutoka juu na kwa teke la kwato. Na ikishapigwa kwa nguvu mara moja ibadilishwe hata kama haina ufa, povu la ndani limeshabonyea.

Halafu viatu. Nimeona mtu kapanda na yeboyebo! Vaa kiatu chenye kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa, weka nusu ya mbele tu ya mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Mguu ukipita wote ukaanguka, unaburutwa. Kwa kuburutwa hakuna cha mkono wala moyo.

#27 Mwana wa Amu
Nduzangu, haya yote ni kwa sababu mmekataa punda. Punda akishtuka hatimki ovyo, anasimama kwanza, anapiga hesabu. Sisi Lamu tunapanda bila tandiko, tunakaa nyuma kabisa karibu na kiuno, na mbio za punda za Maulidi watoto wanakwenda hivyohivyo.

#28 Mchaga Mpole
Anapiga hesabu mpaka saa ngapi? Nina kikao saa nane.

#29 Mwana wa Amu
Hadi amalize. Hilo ndilo tatizo lake pekee.

#30 Kifaru Mjini
Kwani kwa nini bara farasi wachache hivi, wakati punda wamejaa? Nasikia ni mbung'o.

#31 Dkt wa Mifugo
Mbung'o ni sehemu, wanaleta ugonjwa wa nagana. Muuaji mkubwa wa farasi Afrika ni ugonjwa mwingine, wa virusi, unaosambazwa na visubi wadogo wa usiku. Farasi wengi wakiupata wanakufa, punda na pundamilia wanauhimili. Ndiyo maana wenye farasi wanachanja na kuwaingiza bandani kabla jua halijazama. Na hapo tunarudi kwa binti: farasi aliyefungiwa usiku kucha, asubuhi atoke aruke kwanza uwanjani bila mtu. Ndipo uweke tandiko.

#32 Kwato
Nina swali wakuu. Akianza kushtuka, nishuke au nibaki? Bosi wangu anasema ukishuka umemfundisha ujanja, kesho atashtuka ili ushuke. Kiboko kimoja, anapita.

#33 Saisi wa Ngong
Bosi wako apande yeye. Kiboko kwa farasi mwenye hofu ni kumthibitishia kwamba pale pana hatari kweli: alikiogopa kichaka, na papo hapo akaumia.

Kushuka ni kabla hajalipuka, na si dhambi. Namna yake: toa miguu YOTE MIWILI kwenye vikuku kwanza. Wanaotoa mmoja ndio tunaowaokota. Inama mbele, mikono yote shingoni, rusha mguu wa kulia juu ya kiuno chake, jisukume utoke, tua magoti yamekunjwa ukiangalia mbele anakokwenda yeye. Fanyia mazoezi farasi akiwa amesimama, kisha akitembea. Akiwa kwenye shoti kwenye lami, baki juu kama unaweza.

#34 Msomaji wa Usiku
Kuhusu kiboko, Xenophon, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishaandika hivyohivyo: farasi akiogopa kitu mwonyeshe taratibu kwamba hakina neno, ukimpiga unamwongezea hofu. Mabosi hawajasoma tu.

#35 Kwato
Na Alexander Mkuu je? Farasi wake Bucephalus aliwashinda wote, kijana akagundua anaogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza aelekee jua. Binti, mnapita kwenye huo mfereji saa ngapi? Maji yanamulika!

#36 Dkt wa Mifugo
Leo Kwato kasema jambo.

#37 Bin Seif, Maskati
Mimi hilo la kushuka nalipinga nusu. Chini pia ana nguvu kuliko wewe, na akija juu yako huna pa kwenda. Mwenye uzoefu abaki. Anayejifunza ashuke.

#38 Binti wa Usa River
Nimerudi. Tumempitisha mfereji mara kadhaa. Asubuhi, jua likiwa nyuma yetu, alitazama tu akapita, mimi nikiimba. (Mwenzangu anasema sauti yangu ndiyo iliyowafukuza kanga mapema.) Jioni, jua usoni na maji yanamulika, aliganda, nikafupisha hatamu ya kushoto, akazunguka mara moja, akasimama, nikalegeza. Tulipoanza tena aliruka, ila kidogo.

Pia nilimpapasa mgongo kama daktari alivyosema. Nyuma ya bega la kushoto nikibonyeza kwa vidole viwili ngozi inacheza na masikio yanalala nyuma. Kulia hafanyi hivyo. Nimemwambia msimamizi, kasema tandiko ni zima, limetumika miaka yote.

#39 Kwato
Mwanga! Nilisema.

#40 Saisi wa Ngong
Mwanga gani? Hatamu moja imefanya kazi, soma vizuri.

#41 Dkt wa Mifugo
Ngozi inayocheza upande mmoja mnaiona ndogo? Tandiko "zima" linaweza kuwa zima na lisimfae yeye, mgongo wa farasi hubadilika akinenepa au akikonda. Lipindue, angalia upande wa chini kama sufu imejikunja upande huo. Na uangalie jasho akitoka kazini: doa kavu katikati ya mgongo ulioloa, hapo ndipo panapombana.

#42 Msomaji wa Usiku
Na mwimbaji alikuwa ametulia asubuhi kuliko jioni? Maana hilo nalo hatujalitoa.

#43 Binti wa Usa River
Jioni nilikuwa na njaa, tusiliingize hilo kwenye utafiti. Kesho naangalia doa la jasho, nitaleta picha.

#44 Mama Shukuru
Sasa helmeti za farasi Arusha zinapatikana wapi na bei gani? Hakuna aliyejibu la maana kwa sisi wazazi.

#45 Mchaga Mpole
Na ngamia je, akishtuka?

#46 Bin Seif, Maskati
Ngamia ufunguliwe uzi wake. Humu hatutoshi.